Namba ya Jimbo Moja, Mtu wa Jimbo Lingine: Uchambuzi wa Kisa cha Simu ya 988 Iliyokatika

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika kituo kimojawapo cha 988, simu ya msaada kwa watu wenye dhiki ya akili nchini Marekani. Usiku mmoja simu ilikatika, na kwa muda wa saa moja na nusu hatukujua mtu aliyekuwa upande wa pili yuko wapi. Ninaandika kisa hiki kwa ajili ya wanaofanya kazi hii na wanaojifunza kuifanya. Ninawaandikia pia Waswahili waishio Marekani, kwa kuwa swali ninaloulizwa nao mara nyingi ni lile lile: nikipiga 988, wananiona nilipo?

Majina, miji, majimbo na tarehe nimeviondoa. Umri na kazi ya mpigaji nimevibadilisha. Yeye mwenyewe ameridhia kisa kitumike kufundishia. Kinahusu mtu aliyefikia hatua ya kutaka kujitoa uhai, ila njia aliyoipanga siitaji popote. Ukiwa Marekani na wewe mwenyewe uko katika hali hiyo, unaweza kupiga au kutuma ujumbe 988 saa yoyote.

Usuli: kituo kinaona nini

Namba ya 988 ilianza kufanya kazi nchi nzima tarehe 16 Julai 2022, ikirithi namba ndefu iliyokuwa ikitumika tangu 2005. Nyuma yake hakuna ofisi moja kubwa. Kuna mtandao wa vituo zaidi ya 200, vingi vikiwa vya mashirika ya kiraia ya mahali. Simu ikiingia, mtambo wa kati huipeleka kwenye kituo kilicho karibu na mpigaji, na kituo hicho kikizidiwa, huipeleka kwenye kituo cha akiba.

Tatizo liko kwenye neno "karibu". Wakati wa kisa hiki ukaribu ulipimwa kwa tarakimu za mwanzo za namba ya simu. Enzi za simu za mezani utaratibu huo haukuwa na kasoro, maana waya ulitoka ukutani na ukuta hauhami. Simu ya mkononi huhama na mwenyewe, namba ikabaki na tarakimu za mji ilikosajiliwa.

Kwa wahamiaji jambo hili ni zito zaidi. Mtu anapofika Marekani hupata laini katika mji aliofikia kwanza. Namba hiyo huipa ndugu wote, benki, shule ya watoto, wakili anayeshughulikia karatasi zake. Miaka miwili baadaye anafuata kazi jimbo la mbali. Anabadilisha nyumba, gari, pengine hata leseni, lakini namba haibadilishi, kwa sababu ndiyo kamba inayomfunga na watu wake.

Mfumo wa 911, namba ya dharura ya Marekani, uko tofauti kabisa. Ukipiga 911 kwa simu ya mkononi, makadirio ya mahali ulipo hufuatana na simu yako. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, inayataka makampuni yafikie usahihi wa mita 50 kwa asilimia 80 ya simu hizo. Kifungu cha 222 cha Sheria ya Mawasiliano kinawataja wapokea simu za dharura, magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi miongoni mwa wanaoweza kupewa taarifa hiyo mtu anapoomba huduma ya dharura. 988 haikutajwa. Kwenye skrini yetu usiku ule palikuwa na namba na saa. Basi.

Simu yenyewe

Iliingia saa saba na dakika 6 usiku. Aliyeipokea alikuwa mshauri mwenye uzoefu wa miaka kadhaa, mtulivu, asiye na papara. Mpigaji aliomba Kiswahili. Mkalimani wa simu alipatikana baada ya dakika nne, na mazungumzo yakaendelea watu watatu: mpigaji, mkalimani, mshauri.

Hapa niseme mapema kwamba mimi ni mzungumzaji wa Kiswahili na nilikuwa mita chache kutoka pale. Nilikuwa nikimsaidia mshauri mgeni kwenye simu nyingine, na utaratibu ulikuwa kwamba mkalimani akishapatikana, msimamizi haingilii. Nilivaa vipokea sauti na kuanza kusikiliza kwenye dakika ya ishirini hivi.

Alikuwa mwanamume wa makamo. Alikuwa amepoteza zamu zake kazini, kisha ndoa, na wiki hiyo alikuwa amepata habari ya msiba ambao hakuweza kusafiri kuuzika. Alizungumza taratibu, kwa adabu, akimwita mkalimani "dada". Mshauri alimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua, jinsi tunavyofundishwa. Akasema ndiyo, usiku huu. Alikuwa na mpango, na alichokihitaji kuutimiza kilikuwa karibu naye. Alipoombwa akiweke mbali hakukataa wala hakukubali.

Saa saba na dakika 31 mshauri akauliza yuko wapi.

"Niko tu hapa," alijibu.

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Kwa Kiingereza lilitoka kama jibu la mtu asiyeelewa swali, hivyo mshauri akalirudia kwa maneno mepesi zaidi: anwani yako ni ipi? Mswahili yeyote angesikia kwamba yule hakukosa kuelewa. Alikuwa amefunga mlango kwa upole.

"Ya nini? Mnataka kunitumia polisi?"

"Ni utaratibu wetu tu," mshauri akasema, na mkalimani akalifikisha hivyo hivyo. Kimya. Saa saba na dakika 33 simu ikakatika.

Saa moja na nusu

Tulimpigia mara mbili hakupokea. Saa saba na dakika 40 niliamua kwamba hatari ilikuwa ya papo hapo na kwamba tutaomba huduma za dharura bila ridhaa yake.

Uamuzi huo si wa kila siku. Chini ya asilimia 2 ya mawasiliano ya 988 huishia kwa kuhusisha huduma za dharura, na hata katika hizo, nyingine mpigaji mwenyewe hukubali. Sera ya mtandao inataka hatua hiyo iwe ya mwisho, baada ya kujaribu kila njia ya kushirikiana na mpigaji. Nilikuwa na mambo matatu mbele yangu: nia aliyoitamka, mpango wenye saa, na kitu cha hatari mkononi. Lingekosekana mojawapo, ningeendelea kupiga simu na kusubiri. Nikikumbuka usiku ule bado naona nilipima sawa.

Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata. Huwezi kupiga 911 kwa niaba ya mtu aliye kaunti nyingine, kwa kuwa 911 hukuunganisha na wapokea simu wa pale ulipo wewe. Ili kufika kwingine unahitaji namba yao ya kawaida yenye tarakimu kumi. Nami sikuwa na shaka alipo. Namba ilikuwa ya jimbo letu, simu imeletwa kwetu na mtambo, basi mtu ni wa hapa. Nikawapigia wa kaunti iliyolingana na namba.

Wao waliiandikia kampuni ya simu. Sheria ya shirikisho inairuhusu kampuni kutoa taarifa za mteja kwa vyombo vya serikali bila amri ya mahakama ikiwa inaamini kwa nia njema kwamba kuna hatari ya kifo. Kituo chetu si chombo cha serikali, hivyo ombi lilipitia kwao. Waliomba taarifa za mteja, wakaletewa jina na anwani saa nane na dakika 5. Ilikuwa anwani ya siku aliyofungua laini.

Saa nane na dakika 25 polisi waligonga mlango huo. Mle ndani palikuwa na familia nyingine, iliyohamia mwaka uliotangulia, ikiwa na watoto wawili. Waliamshwa kwa tochi na sauti za redio. Hawakumjua mtu anayetafutwa.

Ndipo tulipoomba kitu tulichopaswa kuomba tangu mwanzo, yaani mnara wa mwisho uliopokea simu yake. Jibu lilifika saa nane na dakika 52. Mnara ulikuwa jimbo jingine, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu, kwenye ukanda wa saa ulio nyuma yetu kwa saa moja. Na mnara hauonyeshi mlango. Ulituonyesha duara lenye maghala, barabara kuu na nyumba nyingi za kupanga. Tukatafuta namba ya tarakimu kumi ya kaunti hiyo, tukawaeleza kila kitu upya.

Wakati wote huo nilikuwa nikimpigia. Mara ya tatu niliacha ujumbe wa sauti kwa Kiswahili: "Kaka, mimi ni mwenzako wa kituo ulichopiga. Sikupigii kukulazimisha. Nitapiga tena. Pokea tu, hata kama huna la kusema."

Alipopokea

Saa tisa na dakika 3. Nilisikia pumzi, hakusema kitu. Halafu akauliza, "Wewe Mswahili?"

"Ndiyo, kaka. Na kabla hujaniambia lolote, nikuambie la kwangu. Simu ilipokatika niliogopa. Nimeomba kampuni ya simu itaje mnara wako, wameutaja. Watu wa dharura wa huko wanajua eneo. Mlango hawaujui."

Alinyamaza kwa muda nilioona mrefu.

"Kwa hiyo mmenipeleleza."

"Ndiyo. Na unayo haki ya kunikasirikia."

Akakasirika. Alisema maneno makali, nami sikumjibu. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imeshuka. Akauliza, "Watakuja na ving'ora?"

"Nitawaomba wasiwashe, ila siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kwamba mimi sikati."

Alinitajia mahali: ndani ya gari, kwenye maegesho ya ghala alilowahi kufanyia kazi. Akakubali kutoka, kukiacha ndani alichokiandaa, na kusimama chini ya taa ya jengo. Mwenzangu alifikisha maneno hayo kwa wapokea simu wa kule. Kaunti hiyo ina kikosi cha wahudumu wa afya ya akili wanaofuata mtu alipo, lakini saa ile hakikuwa zamu. Alikuja askari mmoja na gari la wagonjwa. Askari alizima taa kabla ya kuingia. Gari la wagonjwa halikuzima.

Matokeo

Alikwenda hospitali kwa hiari yake na kulazwa siku chache. Tulimpigia siku ya pili baada ya kutoka, kisha kila wiki kwa muda, kwa ridhaa yake. Alipata mtaalamu wa kumwona. Bili ya gari la wagonjwa ilimfikia kabla ya barua ya miadi yake ya kwanza, na bili hiyo karibu iturudishe tulikotoka.

Familia iliyoamshwa haikuombwa radhi na mtu yeyote. Nilitaka kuwaandikia. Nikaelezwa kwamba barua yoyote kutoka kwetu ingefichua kuwa mtu aliyewahi kuishi pale alipiga 988. Hoja ni ya kweli, nami nimeitii, lakini wale watoto wamebaki moyoni mwangu.

Yaliyoharibika, na kwa nini

Lililo rahisi kusema ni kwamba hatukuwa na taarifa ya mahali. Nadhani jibu hilo linatuficha. Tulikuwa na taarifa tatu tofauti, tukazichanganya kana kwamba ni moja. Tarakimu za mwanzo zinaonyesha namba ilisajiliwa wapi. Anwani ya mteja inaonyesha mtu alikuwa wapi siku ya kujisajili. Mnara unaonyesha simu ilikuwa ukanda gani dakika chache zilizopita. Usiku ule ni mnara tu uliokuwa na faida, na tuliuomba wa mwisho. Kiasi cha dakika 45 zilipotea hapo, na hazikupotezwa na sheria wala na mtambo. Nilizipoteza mimi kwa kuamini tarakimu.

Taarifa ya nne tulikuwa nayo mkononi kwa dakika 27, nayo ndiyo sahihi kuliko zote: mtu mwenyewe. Aliulizwa alipo baada ya kusema yote yanayotisha. Katika hatua hiyo swali la mahali haliwezi kusikika kama swali. Linasikika kama hukumu. Na alipouliza la haki kabisa, kama tutamtumia polisi, alijibiwa kwa neno "utaratibu". Kwa mtu aliyepitia ofisi za uhamiaji, na pengine kambi, neno hilo lina historia yake. Jibu la kweli lilikuwepo na halikuwa gumu: "Mara nyingi hapana. Nikiona uhai wako uko hatarini sasa hivi na sina njia nyingine, ndiyo, na nitakuambia kabla."

Simlaumu mshauri, kwa sababu fomu yetu ndiyo iliyoweka swali la mahali baada ya upimaji wa hatari. Simlaumu mkalimani pia. Alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, ya kutafsiri maneno. Ila "niko tu hapa" ilihitaji mtu wa kumnong'oneza mshauri kwamba yule hataki kusema, na mtu huyo nilikuwa mimi, nimekaa mita chache na vipokea sauti masikioni.

Lililofaa ni kutoacha kumpigia wakati msako ukiendelea. Kuna vituo ambavyo mambo yakishakuwa mikononi mwa 911, huhesabu kwamba kazi yao imekwisha. Mnara ulileta duara, yeye ndiye aliyeleta mlango. Na alituletea baada ya kuambiwa tulichokifanya kwa siri. Wenzangu wawili waliona nilihatarisha maisha yake kwa kukiri, maana angeweza kuendesha gari na kuondoka. Hoja yao naiheshimu. Lakini kama ningeanza na uongo, ving'ora vingenifichua ndani ya robo saa, na asingepokea simu nyingine kutoka kwetu maishani mwake.

Je, mfumo wa sasa ungeleta tofauti?

Mwezi Septemba 2024 kampuni za T-Mobile na Verizon zilianza kuelekeza simu za 988 kwa kufuata mahali simu ilipo, badala ya tarakimu. Tarehe 17 Oktoba 2024 FCC ilipitisha kanuni inayoyalazimu makampuni yote ya simu za mkononi kufanya hivyo. Makampuni ya nchi nzima yalipewa siku 30 tangu kanuni kuanza kutumika, na madogo miezi 24. Julai 2025 ujumbe wa maandishi nao uliingizwa kwenye kanuni.

Watu wengi, hata ndani ya vituo, wanadhani sasa 988 inaona alipo mpigaji. Haioni. Kampuni huchukua eneo la mnara na kulipanua hadi kiwango kama cha kaunti, kisha huupa mtambo wa kati eneo hilo pana ili uchague kituo. Mshauri hapati ramani wala nukta.

Kwa mpigaji wetu hilo lingekuwa na maana kubwa. Angepokewa na kituo cha jimbo lake, ambacho kinajua namba za dharura za huko, kinajua kikosi cha afya ya akili kiko zamu saa ngapi, na hakingepoteza dakika hata moja kwenye anwani ya zamani. Familia ile ingelala. Lakini swali la alipo lingebaki vile vile, na kwa bahati yake mbaya pengine asingempata Mswahili. Mambo yote mawili ni kweli, na sioni haja ya kuficha mojawapo ili kulisifu jingine.

Wapo wanaotaka tusonge zaidi, 988 ipewe mahali kamili kama 911. Baada ya usiku ule ungetegemea niwe mmoja wao. Mimi nasema hapana. Watu wanapiga 988 na si 911 kwa sababu wanatafuta mahali pa kusema bila kufuatwa. Trans Lifeline, simu ya msaada ya watu waliobadili jinsia, ina sera ya kutoita huduma za dharura bila ridhaa ya mpigaji, kwa sababu wapigaji wake walikwisha kudhurika na polisi waliotumwa kuwasaidia. Sifuati sera hiyo. Nilivuka mpaka huo usiku ule na ningeuvuka tena. Lakini kuuvuka kuwe kugumu, kupitie kwa mtu anayetoa sababu zake na kuziandika. Nukta ikiwa tayari kwenye skrini, mshauri mwoga ataitumia kwa kila sauti iliyotetemeka, na habari hiyo ikishaenea mitaani, aliye katika hali mbaya kuliko wote hatapiga kabisa.

Tulichobadilisha

Swali la mahali sasa linakuja ndani ya dakika tano za kwanza, na linaulizwa pamoja na sababu yake: "Simu hii ikikatika, ungependa nikupate vipi? Na usiku huu uko mji gani?" Asiyetaka kujibu haulizwi tena papo hapo. Mshauri humweleza ni lini tunaweza kuhusisha watu wa dharura, na kwamba atajulishwa kwanza kila inapowezekana. Neno "utaratibu" limeondolewa kwenye maelekezo yetu.

Mkalimani huelezwa mwanzoni kwamba anaruhusiwa kusema, kando na tafsiri, ikiwa jibu limebeba maana isiyoonekana kwenye maneno. Ombi kwa kampuni ya simu huanza na mnara, anwani baadaye. Orodha ya namba za tarakimu kumi za kaunti zote iko kwenye kila meza.

Katika simu ya mwisho ya ufuatiliaji nilimuuliza kama amefikiria kuchukua namba ya jimbo anamoishi. Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka.

"Hapana, dada. Mama hajui kusoma. Hii ndiyo aliyoikariri."